Daftari la Mapigo

Kabla nyundo haijainuliwa nilikwishajua,
au nilidhani nimejua.
Kompyuta ilikesha nami Keko, feni ikikoroma.
Niliilisha uzito wa nyundo, kimo cha kuanguka,
mto wa mbao kichwani mwa nguzo,
na udongo tabaka kwa tabaka: mchanga, tope jeusi, mfinyanzi,
kisha mchanga mgumu wa kale, mita kumi na nne.
Ikatema mstari mwekundu, wenye adabu zake.
Pigo la mia mbili na kumi, ilisema, nguzo itagoma.

Asubuhi, bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo,
tope linanuka mvua za juzi na mengine ya mtoni tusiyoyataja.
Dihenga kapanda mtambo na soda yake ya tangawizi.
Nguzo ya saba imesimama wima, ina alama kila nusu mita
kama rula ya mtoto wa darasa la tatu.
Mimi na daftari, kalamu nimeifunga kamba shingoni.
Du.
Moja.
Du.
Mbili.

Kinachopita humo ndani hamkioni.
Pigo haliisukumi nguzo yote kwa pamoja, kama mlango.
Linaingia kichwani kama habari ya msiba inavyoingia nyumba ya kupanga,
chumba kwa chumba:
linabana zege, linaachia, linabana panapofuata,
hadi kwenye ncha, na huko linapiga hodi.
Udongo ukijibu kwa ubishi, wimbi hurudi likibana.
Udongo ukinyamaza, hurudi likivuta,
na zege, jamani, linajua kubanwa, halijui kuvutwa.
Ndiyo maana Sekiete, kijana wa zamu, alinishangaa
nilipomfokea Dihenga apunguze kimo
pale pale nguzo ilipoanza kuzama kwa raha.
"Injinia, si inaingia vizuri?"
Inaingia vizuri. Hapo ndipo hupasuka.

Saa nne akaja Bi. Siwatu, jirani wa uzio.
"Kabati langu linatembea," alisema.
Nikamtegea kipimo cha mtikisiko barazani,
kikasoma chini ya kiwango, nikamwonyesha namba.
Akaitazama namba, akanitazama mimi,
akarudi ndani kupima kabati kwa vidole.

Mia mbili na kumi ikapita bila salamu.
Mia mbili na sitini.
Mia tatu arobaini na saba, mita kumi na sita na nusu,
na bado kila pigo sentimita tatu, kisu kwenye siagi.
Mkandarasi Rwegoshora alikuwa na simu sikioni:
unganisha kipande kingine, tuendelee.
Nikasema tuiache.
Tumeyatia kiwewe maji yaliyomo kwenye mfinyanzi,
yanasukumana, chembe haishiki chembe.
Yape siku, yatajipenyeza yaende zake.
"Yaani ilale?"
Ilale.
"Mwenzangu, mtambo wangu halali bure."

Usiku wa kwanza nilirudia hesabu. Wa pili pia.
Wa tatu nikaiona: msuguano wa ubavuni
niliuazima kwenye shimo la utafiti la ng'ambo ya mto,
kana kwamba mto huulizana na kingo zake.
Sikumwambia mtu. Nimeandika hapa.

Siku ya nane, umande bado uko juu ya chuma.
Vihisi viwili shingoni mwa nguzo, waya hadi magotini kwangu.
Du.
Milimita tatu.
Du.
Mbili.
Du.
Nikainua mkono, Dihenga akazima.
Uwezo umepanda maradufu na ushee, na hakuna aliyeugusa.

Kimya kile ndicho kilichomtoa Bi. Siwatu,
khanga begani, mswaki mdomoni.
"Leo mbona mara tatu tu?"
"Imeshika, mama."
"Nani kaishika?"

Nguzo ya nane ilikwisha kuwa hewani,
inajizungusha taratibu kwenye kamba.
Sekiete akanipa kalamu, ilikuwa imeangukia topeni.